Mwanangu amenikatia tiketi ya kwateti London, na mimi nimezoea taarab. Nitakaaje?

*"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, naishi Wete, Pemba. Mwezi wa kumi na moja, inshallah, nakwenda London kwa mwanangu kwa wiki tatu. Ameshanikatia tiketi ya onyesho dogo la fidla, wapigaji wanne tu, Wigmore Hall, Jumapili saa tano na nusu asubuhi, safu ya tatu kutoka mbele. Kwenye karatasi aliyonitumia wameandika Haydn, kwateti opus 33 namba 2, halafu kwateti ya Ravel. Taarab nimeikulia, na mimi ni mtu wa kuinuka na kumtunza mwimbaji noti. Mwanangu ananiambia huko watu hawapigi makofi ovyo, hawakohoi, na 'mama usije ukaniaibisha'. Nami nina kikohozi kikavu, kina kama wiki tatu sasa, na hunishika zaidi nikikaa kimya. Nivae nini? Nitajuaje wakati wa kupiga makofi? Adhuhuri je? Na kama sitafahamu kitu nikasinzia? Mjukuu wangu wa miaka mitatu naye anataka kwenda. Niambie kweli, niende au ampe mtu mwingine hiyo tiketi?"*

Wa alaykum salaam mama yangu, na shikamoo.

Maswali yako ni mengi lakini wasiwasi naona ni mmoja: unahofu utaingia mahali penye sheria ambazo wenzio wote wanazijua na wewe peke yako huzijui, na mwanao yuko pembeni anakutazama. Jibu fupi ni kwamba uende. Ila kabla ya safari upite hospitali kwa ajili ya hicho kikohozi, na hilo nitalirudia kwa urefu kwa sababu ndilo jambo pekee katika barua yako lililonishtua. Haya mengine yana chanzo kimoja. Ukikifahamu, hutahitaji kukariri sheria yoyote.

Chanzo chenyewe ni hicho kimya. Mwanao amekueleza kama adabu ya wakubwa, na watu wengi hulieleza hivyo, hata huko huko Uingereza. Sababu hasa iko kwenye mbao na nyuzi. Wale wanne, ndio kwateti yenyewe, wenye fidla mbili, viola moja (fidla kubwa kidogo, ya sauti nzito zaidi) na selo moja (kubwa zaidi, husimamishwa baina ya magoti), hawana maikrofoni wala spika. Upinde wa fidla umefungwa singa za mkia wa farasi, na singa hizo hupakwa ulimbo mkavu ili zishike. Mpigaji akiuvuta upinde, singa zinaung'ang'ania uzi, zinauburuta kidogo, uzi unaponyoka, zinaudaka tena. Kwenye uzi wa A wa fidla, ukiachwa wazi, kushika na kuponyoka huko hutokea mara 440 kwa sekunde moja. Uzi peke yake ni mwembamba mno kuitikisa hewa ya ukumbi. Kile kidaraja cha mti kilichosimama katikati ndicho kinachoupokea mtikisiko na kuupeleka kwenye tumbo la fidla, na tumbo ndilo linalosema. Sasa mpigaji akiupunguzia upinde uzito wa mkono, sauti inashuka, inashuka, mpaka mtu wa safu ya nyuma anaisikia kwa kuwa tu hakuna kingine kinachosikika ukumbini.

Kwenye shughuli zetu za siku hizi, ukumbi ukiwa na kelele fundi wa mitambo anapandisha sauti na mambo yanaendelea. Pale hakuna wa kupandisha. Wigmore Hall ina viti mia tano na hamsini na kidogo tu. Ilifunguliwa mwaka 1901 na kampuni ya Kijerumani ya Bechstein, watengenezaji wa piano, na ilijengwa kwa kazi hii hasa: mpiga piano mmoja, mwimbaji mmoja, wapigaji watatu au wanne. Ukumbi unavuma vizuri ajabu, na ubaya wake ni kwamba haubagui. Bangili ikigonga mkono wa kiti, nayo inavuma vizuri ajabu.

Ndiyo maana watu wananyamaza: wasiponyamaza, nusu ya muziki haifiki. Hakuna anayekaa pale kukupima elimu.

Na kama unadhani huu ni "muziki wa wasomi", hilo nalo nikurekebishie, maana litakukalia kifuani bure. Muziki wa namna hii uliandikwa kwanza kwa ajili ya vyumba vya nyumba za watu, upigwe na marafiki, pengine bila msikilizaji yeyote zaidi ya wenye nyumba. Kuna mwimbaji wa Ireland, Michael Kelly, aliyeandika katika kumbukumbu zake kwamba alihudhuria mkusanyiko wa nyumbani huko Vienna miaka ya 1780. Fidla ya kwanza ilipigwa na Haydn mwenyewe, ya pili na Dittersdorf, viola na Mozart, selo na Vanhal. Wote wanne ni watunzi. Kelly anasema upigaji wao ulikuwa wa wastani tu, hakuna aliyekuwa bingwa wa ala aliyoishika. Sasa kama Haydn na Mozart walipiga kwa wastani sebuleni kwa mtu, mimi na wewe tuna nini cha kuogopa kwa kukaa na kusikiliza?

Taarab yenyewe ilianzia ndani, mama. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala 1870 mpaka 1888, ndiye anayetajwa kuleta wapigaji kutoka Misri wampigie katika jumba lake, na akampeleka Muhammed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilipoundwa 1905 ilikuwa ni watu wanaokusanyika kujifunza na kusikilizana. Kusimama, kucheza na kuimba pamoja na mwimbaji kumekuja kukolea baadaye, na rusha roho, taarab ya kisasa, imekoleza zaidi. Lakini bashraf, kile kipande cha ala tupu, unaijua. Usiku wa taarab asilia ukifunguliwa kwa bashraf, hakuna maneno, hakuna mtu anayeinuka kutunza. Unakaa, unasikiliza, kipande kinakwenda, kinarudi kwenye ule mkia wake unaoufahamu, kinaondoka tena na jambo jipya, kinarudi tena. Nenda London na sikio hilo la bashraf. Hilo la kutunza liache Wete, utalikuta ukirudi.

Sasa makofi. Karatasi yako ina kazi mbili. Kila moja imegawanywa sehemu nne, na baina ya sehemu na sehemu wapigaji wanatua. Jumla ni sehemu nane, na makofi ni baada ya ya nne na ya nane. Kuna makofi mengine ya kuwapokea wanapoingia jukwaani, hayo hayana utata. Baada ya zile za katikati watu hawapigi. Desturi hiyo wala si ya tangu na tangu. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, wakati muziki unaendelea, pale pale alipokuwa ametega wapige. Kungoja mpaka mwisho kulikuja kuzoeleka karne ya 19 ikielekea mwisho na karne ya 20 ikianza. Kwa hiyo ukiteleza ukapiga kofi moja baada ya sehemu ya kwanza, utakuwa umefanya walichokifanya wasikilizaji wa Mozart. Wengine watageuka kidogo, wapigaji pengine watatabasamu, na yamekwisha.

Ila sitaki utegemee kuhesabu, kwa sababu mtu akishughulika na kuhesabu hasikii. Tazama mikono. Umekaa safu ya tatu, utaona kila kitu. Sehemu ikiisha na kazi bado inaendelea, pinde zinabaki juu au zinashushwa nusu, macho yako kwenye karatasi, mtu anafunua ukurasa, mwingine anagusa kigingi cha uzi kurekebisha. Kazi ikiwa imekwisha kweli, mabega yanalegea, wanatazamana, fidla zinashuka magotini, wanainuka. Hapo piga. Ukiwa bado na shaka, ngoja watu wengine waanze; kuchelewa sekunde mbili hakumuudhi mtu.

Nimekwambia hivyo, kisha nikatazama tena karatasi yako nikacheka, kwa sababu kazi ya kwanza uliyopangiwa ni ile ambayo Haydn aliiandika makusudi kuwanasa watu wa makofi. Opus 33 namba 2 (opus ni namba ya kazi za mtunzi), ya mwaka 1781, wenyewe wameibandika jina la utani "Mzaha". Sehemu ya mwisho ni ya mbio na ina kijiwimbo chepesi kinachorudi rudi, utakishika mara moja. Karibu na mwisho wanatua ghafla na kupiga mahadhi mazito ya polepole, ambayo hayana uhusiano wowote na yaliyotangulia. Halafu kijiwimbo kinarudi, lakini sasa kimekatwa vipande vinne. Kipande cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu, kimya. Cha nne, na hapo kijiwimbo kimekamilika, kila mtu anaona basi, imekwisha. Kimya kirefu zaidi ya vyote. Ukumbini kutakuwa na mtu mmoja atakayepiga kofi, karibu kila mara yupo. Kisha, kwa sauti ndogo sana, wale wanne wanapiga kile kipande cha kwanza tena, kana kwamba wanaanza upya, na wanaachia hapo hapo. Huo ndio mwisho. Hakuna zaidi.

Ukifika hapo, cheka. Si kwa kwikwi ya kujificha, cheka kama ungecheka kwa mzaha wowote. Haydn aliuandika uchekwe, na kimya chote kile cha ukumbi ndicho kinachoufanya ufanye kazi. Kwenye kelele mzaha huu haupo kabisa. Wapigaji wazuri huutia chumvi: mmoja anabaki na upinde hewani, mwingine anafunua ukurasa kama mtu anayejiandaa kuondoka. Kaa macho kwa hilo, na umnong'oneze mwanao kabla ya onyesho asije yeye ndiye akawa mtu wa kofi.

Ravel ni mtu wa wakati mwingine. Mfaransa, kwateti yake aliimaliza mwaka 1903 akiwa na umri wa miaka 28, na hakuandika nyingine. Sitakudanganya, baadhi ya watu hawaipendi mara ya kwanza, kwa sababu mahadhi yake hayafiki pale unapoyatarajia yafike. Yanageuka njiani. Lakini ngoja sehemu ya pili. Wote wanne wanaanza kwa kudonoa nyuzi kwa vidole, na ghafla zile fidla unazozijua kwa sauti ya kulia zinakuwa ala za kudonolewa. Sikio lililokulia kwenye udi na kanuni linachangamka lenyewe. Midundo nayo inapishana, wengine wanakwenda kwa mbili na wengine kwa tatu kwa wakati mmoja, jambo ambalo mpiga ngoma yeyote wa Pemba hawezi kulishangaa. Sehemu ya tatu ndiyo ya polepole, na kama kusinzia kutakuja basi kutakuja hapo.

Sinzia, mama. Watu wengi husinzia kwenye maonyesho haya na hakuna anayewasema. Lililo baya ni kukoroma, na hilo mwagize mwanao akuguse mkono. Ama kufahamu, sijui unadhani wenzio wanafahamu nini. Hakuna maneno wala hadithi. Kama unataka kazi ya kufanya, chagua mpigaji mmoja umfuate kwa macho, hasa yule wa viola, ambaye kwa kawaida hakuna anayemtazama. Utaona hawana wa kuwaongoza. Yule wa fidla ya kwanza anavuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, na wote wanaingia pamoja. Kwa safu ya tatu pumzi hiyo utaisikia kwa masikio yako.

Nakuja kwenye simu, na hapa soma polepole. Kila mtu atakwambia uiweke kimya. Kwako wewe hiyo haitoshi. Katikati ya mwezi wa kumi na moja Adhuhuri ya London huingia kama saa sita kasoro dakika kumi, yaani wapigaji watakuwa ndani ya Haydn. Kama una programu ya adhana, baadhi ya programu hizo huadhini hata simu ikiwa kimya, kwa sababu zimepewa ruhusa ya kengele ya kuamshia. Zima simu kabisa, si sauti tu, mpaka kioo kiwe cheusi, na umwambie mwanao naye azime. Sitaki adhana, kitu chenye heshima yake, iingie mahali itakapowafanya watu wakunje uso.

Kusali utasali bila haraka. Maonyesho yale ya Jumapili asubuhi huchukua kama saa moja na hayana mapumziko, kwa hiyo kabla ya saa saba mchana mmetoka. Alasiri huingia inapokaribia saa nane mchana. Msikiti mkuu wa Regent's Park ni safari fupi ya basi au teksi kutoka pale, na nyumbani kwa mwanao pia kunaweza kufikika kutegemea anakaa wapi. Kukusanya na kupunguza sala kwa msafiri wa wiki tatu muulize sheikh wako kabla hujaondoka, mimi ni mwalimu wa fidla. Angalieni muda wa kwenda pia: Jumapili treni za London mara nyingi hupunguzwa kwa matengenezo, na onyesho la saa tano na nusu huanza saa tano na nusu. Hii haifanani na taarab ya saa mbili inayoanza saa nne. Ukichelewa utazuiwa mlangoni mpaka kazi ya kwanza iishe, na utakuwa umeukosa mzaha wote. Baada ya onyesho la Jumapili hutolewa kinywaji pamoja na tiketi. Kimojawapo ni sheri, nayo ni mvinyo, hata kama kigilasi chenyewe ni kidogo na kinapendeza. Kahawa ipo. Chukua kahawa.

Mavazi hayana sharti. Utaona mtu na suti, utaona kijana na jinzi na begi mgongoni. Buibui lako na mtandio ni vazi zuri kuliko mengi utakayoyakuta pale, na kitambaa chake laini hakina sauti. Chenye sauti ni koti la baridi la nailoni ambalo mwanao atakuazima. Likikaa mapajani linachakarika kila ukisogea, kwa hiyo lisukume chini ya kiti kabla hawajaanza. Bangili zivae mbili tatu zilizobana mkono, usivae zile za kugongana. Na udi, mama. Najua huwezi kwenda mahali bila kujifukiza. Jifukize nguo usiku wa kuamkia, si asubuhi ile, kwa sababu mtakaa bega kwa bega na watu wasiouzoea, na wengine moshi na manukato makali huwakohoza wao.

Kukohoa. Kwanza ujue kwamba hakuna ukumbi usiokohoa. Sehemu ikiisha, utasikia watu mia tano wanasafisha koo kwa pamoja, utadhani uko wodini. Wote walikuwa wamevizuia vikohozi vyao. Baridi ya nje na hewa kavu ya majumba yaliyopashwa moto hukausha koo, na koo likikauka huwasha. Kimya kinaongeza, maana mtu anaanza kulifikiria koo lake. Kwa siku yenyewe: kunywa maji ya kutosha tangu asubuhi, pipi ya koo imenye karatasi yake ukiwa bado nje na uifunge kwenye leso, na kikija kikohozi meza mate, vuta pumzi kwa pua polepole, subiri sehemu iishe. Kikikataa, kohoa ndani ya leso au ndani ya kiwiko. Kitambaa kinameza sehemu kubwa ya sauti.

Lakini hayo ni kwa kikohozi cha mtu mzima wa afya. Chako kina wiki tatu na hujasafiri bado. Kwetu hapa, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kipimwe, pamoja na kipimo cha kifua kikuu, hata kama ni kikavu na hata kama unajihisi mzima. Nenda hospitali ya Wete wiki hii, usingoje karibu na safari. Pengine ni jambo dogo, aleji au tindikali inayopanda usiku. Daktari atakuuliza pia kama unatumia dawa za presha, maana baadhi yake, kama captopril na enalapril, zinajulikana kwa kuleta kikohozi kikavu cha namna hiyo hiyo. Kama unazitumia usiziache mwenyewe; yeye ndiye wa kubadilisha. Kama kuna homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili au damu, usilale na jambo hilo hata siku moja. Mimi naweza kukushauri pa kupigia makofi. Kifua chako anayeweza kukisikiliza ni mtu mwenye kipimo shingoni.

Na kama ukipimwa, ukaambiwa ni salama, na bado unakohoa? Hapo tupime safu ya tatu. Ni mahali pazuri mno kwa macho, ndiyo maana mwanao alipachagua, lakini ukikohoa pale unawakoholea wapigaji usoni, na kutoka katikati ya safu ni kuwainua watu. Mwambie apige simu ukumbini mapema aombe kubadilishiwa viti vya pembeni, karibu na njia, hata kama ni nyuma. Mara nyingi watu wa tiketi wanasaidia wakielezwa sababu. Nyuma hutaona vidole, ila sauti inafika vizuri na utakaa bila hofu. Ningekuwa na kikohozi mimi, ningehama. Bila kikohozi, safu ya tatu usimwachie mtu.

Kama unataka kujaribu sikio lako kabla, safari yako itapitia Unguja hata hivyo. Ukipata siku moja Mjini, omba kuingia kwenye mazoezi ya Ikhwani Safaa au ya Culture Musical Club, au kwa mwalimu yeyote wa fidla, usikilize fidla kwa karibu bila spika. Utashangaa ilivyo ndogo, na utashangaa ilivyo na mambo. Rekodi za hiyo kazi ya Haydn ziko nyingi mtandaoni, lakini hiyo sehemu ya mwisho usiisikilize. Iache ikukute.

Kutunza nimekwambia uache, ila najua mkono utawasha. Ukiinuka na noti kuelekea jukwaani, wapigaji watadhani kuna jambo limetokea, na watu wa ukumbi watakuja kukushika mkono kwa upole. Wameshalipwa, na tunzo lao ni makofi ya mwisho, ambayo huwa marefu. Wanatoka, wanarudi, wanainama, wanatoka tena. Usichoke kupiga, kwa sababu makofi yakiendelea huenda wakapiga kipande kifupi cha nyongeza. Baada ya hapo wapigaji wengine hutoka kuzungumza na watu. Ukimkuta mmoja mpe mkono kama una ada hiyo, au weka mkono kifuani, umwambie kwa Kiingereza au kwa Kiswahili kwamba Haydn amekuchekesha. Watafurahi kuliko noti.

Mwanao nina neno naye dogo, umsomee. Bwana mdogo, mama yako amekaa kwenye taarab miaka mingi kuliko umri wako, anajua kusikiliza. Usimtazame tazame kila anapopumua.

Mjukuu wa miaka mitatu asije. Saa moja ya kimya kwa mtoto wa umri huo ni adhabu, na itakuwa adhabu kwenu pia, maana mmoja wenu atatoka naye katikati ya Haydn. Ukumbi ule una maonyesho mengine yaliyopangwa kwa ajili ya watoto wadogo na wazazi wao, ambako kulia na kutambaa kunaruhusiwa. Mwanao atazame ratiba yao kama kuna moja ndani ya wiki zako tatu, na tiketi azikate mapema, kwa sababu viti vya maonyesho ya watoto hujaa haraka.